Nilikuwa Nikihesabu Masanduku

Kazi ya karani wa tali haina maelezo mengi. Unasimama mlangoni mwa behewa, ubao mkononi. Kuli akipita na mzigo begani unachora mstari. Ikitimia minne, wa tano unaikata kwa mshazari. Jioni unajumlisha, unalinganisha na hati ya shehena iliyotoka Dar es Salaam, kisha unatia sahihi. Nilianza kazi hiyo kwenye gati la Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1965, nikiwa na miaka 19, cheti cha darasa la nane na mwandiko uliompendeza karani mkuu.

Wajukuu huniuliza habari za mwaka ule kwa sababu ya mtu mmoja wanayemwona kwenye fulana, mwenye ndevu na kofia yenye nyota: Che Guevara, mwanamapinduzi wa Cuba. Huwaambia kwamba sikumwona. Wazee wengi wa Kigoma na Ujiji husimulia kuwa walimpa maji ya kunywa au walimbebea begi, na huenda wapo waliofanya hivyo. Mimi nilihesabu masanduku, na hayo ndiyo ninayoweza kuyatolea ushahidi. Hata hivyo, yaliyonipata kwa sababu ya masanduku yale yamenifundisha mengi kuhusu namna nchi changa inavyoishi na majirani wanaopindua serikali, huku mataifa makubwa yakivutana juu ya vichwa vya wote.

Nianze na baba, maana bila yeye nisingeelewa lolote. Baba alikuwa kuli wa Belbase. Vijana wa leo hulisikia jina hilo hapa mjini bila kujua lilitoka wapi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walipewa kuzitawala Rwanda na Burundi, na Kongo walikuwa nayo tayari. Walihitaji njia ya kufika baharini. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Waingereza wakawakodisha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na sehemu ya bandari ya Kigoma, kodi faranga moja kwa mwaka, na muda wa kukodi ni milele; sehemu hizo ndizo zilizoitwa Belbase. Mwaka 1951 wakaongeza mkataba mwingine juu ya huo. Basi baba alikuwa Mmanyema wa Ujiji, anayefanya kazi kwenye ardhi ya Tanganyika, chini ya bendera ya Mwingereza, akipokea mshahara kwa Mbelgiji.

Mwezi Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba nchi huru haitafungwa na mikataba ya namna hiyo. Mwingereza alikuwa msimamizi tu hapa, kwanza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, baadaye kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na msimamizi hana mamlaka ya kutoa kitu kwa muda unaopita usimamizi wake. Baba aliposikia alicheka kwa furaha. Yeye mwenyewe alikuwa wali, yaani msimamizi wa mali, wa watoto wa marehemu kaka yake. Akasema: "Wali anaweza kulikodisha shamba la yatima mpaka mtoto akue. Kulikodisha milele, hapo ameiba." Nimesoma maandishi ya wanasheria juu ya jambo hilo tangu wakati ule, wala sijaona waliyoyaongeza juu ya sentensi ya baba. Nyumbani kwetu tulielewa mapema kwamba Mwalimu hakuwa akisema anampenda huyu na kumchukia yule. Alikuwa akiuliza: huyu aliyetoa, alikuwa na haki ya kutoa?

Mwaka 1965 swali hilo lilirudi kwa sura nyingine.

Kuvuka ziwa, siku ya anga safi, milima ya Kongo unaiona ukiwa umesimama gatini. Kule Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa ameuawa Januari 1961. Mwaka 1964 wafuasi wake waliinuka, wakaiteka Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, wakatangaza serikali yao ya kimapinduzi. Serikali ya Waziri Mkuu Tshombe huko Leopoldville, Kinshasa ya leo, ikakodi askari mamluki wa Kizungu, na tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Kibelgiji waliteremshwa Stanleyville kutoka ndege za Marekani. Habari hizo zilipofika kwetu hazikufika kama habari za ugenini. Nusu ya Ujiji ina ndugu ng'ambo. Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa upande wa Baraka. Watu walilia misikitini.

Serikali yetu nayo ilikuwa katikati ya moto. Zanzibar ilipindua Januari 1964, Muungano ukafuata tarehe 26 Aprili, na Muungano ule ukarithi marafiki wa Zanzibar pamoja na maadui wa marafiki hao. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki. Ujerumani Magharibi ikasema haivumilii. Mwalimu akatafuta njia ya kati, Wajerumani Mashariki wawe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Wakubwa wa Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, wakaondoa msaada wao wa kijeshi Februari 1965, naye Mwalimu akawaambia wauchukue na msaada mwingine wote wa serikali yao. Januari ya mwaka uleule maofisa wawili wa ubalozi wa Marekani walifukuzwa nchini. Miezi miwili kabla ya hapo nchi nzima iliandamana kwa sababu ya barua zilizodaiwa kuonyesha njama za nchi za Magharibi dhidi yetu, na barua zile baadaye zikaonekana ni za kughushi. Karani mkuu alikuwa akitusomea gazeti saa ya chakula, na siku ile alilikunja akanyamaza. Alikuwa miongoni mwa walioandamana. Sitasahau uso wake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya mabehewa yaliyoanza kutufikia kwa reli ya kati. Silaha za Kichina na za Kisovyeti zilishushwa Dar es Salaam, zikaletwa Kigoma kwa treni, zikavushwa kwa boti kwenda kwa wapiganaji. Kwenye hati ziliandikwa vitu vingine. Hakuna aliyetuambia, na hakuna aliyehitaji kuambiwa: sanduku la vipuri halibebwi na makuli wanne huku askari akiwafuata kwa nyuma.

Mwishoni mwa Aprili tulianza kuona wageni. Walikuwa weusi kama sisi, wenye miili ya mazoezi, wakipita usiku usiku. Mmoja nilikutana naye karibu na geti, nikamwamkia kwa kuwa alinizidi umri. Hakujua kuitikia. Akasema "Jambo" kwa lafudhi ambayo sikuwahi kuisikia, akaweka mkono kifuani kwa heshima, akaenda zake. Nilidhani ni Mkongo wa mbali. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba walikuwa Wacuba. Ernesto Che Guevara alikuwa amekuja Dar es Salaam waziwazi mwezi Februari, akaonana na Mwalimu na wapigania uhuru wa nchi mbalimbali. Mwezi Aprili akarudi kwa siri, amebadilishwa sura. Usiku wa tarehe 23 alifika Kigoma, akavuka ziwa usiku uleule, alfajiri ya tarehe 24 akashuka Kibamba, ufukweni upande wa Kongo. Walijipa majina ya kuhesabia ya Kiswahili. Kamanda wao mweusi, Víctor Dreke, aliitwa Moja. Wa pili Mbili. Yeye mwenyewe Tatu, akitambulishwa kuwa daktari na mkalimani wa Kifaransa. Kwa miezi iliyofuata wenzao walizidi kuvuka hadi wakapita mia moja.

Kijana wa Kikongo, mdogo kuliko mimi, Freddy Ilanga, ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha Kiswahili. Baadaye alipelekwa Cuba, akasoma, akawa daktari. Huwa namfikiria sana kijana huyo. Mimi na yeye tulikuwa tukihudumia kitu kilekile, kila mmoja ng'ambo yake, kila mmoja akijua kipande chake tu.

Sasa nieleze kosa langu.

Siku moja ya mwezi Mei yaliingia mabehewa mawili jioni. Alikuja mkubwa mmoja ambaye hakuwa wa kwetu bandarini. Aliniita pembeni kwa upole kabisa. "Kijana, andika vipuri vya mashine, masanduku arobaini, utie sahihi. Tuna haraka." Nikamwuliza kama nihesabu wakati wa kushusha. Akanishika bega: "Wewe huitaki Afrika iwe huru?" Nikaandika arobaini. Sikuchora mstari hata mmoja. Na niliona fahari, kusema kweli, nikalala usiku ule kama mtu aliyepigana.

Mjomba alikuwa na boti yenye mashine, akiiweka Kibirizi. Yeye na manahodha wengine walikodiwa kuvusha mizigo. Mwezi Juni alirudi amekonda, akaketi barazani kwetu, akasema na mama kuliko alivyosema nami. "Dada, kule ufukweni vitu vimemwagwa kama vimetoka mafurikoni. Chakula juu ya risasi. Risasi si za bunduki zilizopo. Kila mtu anachukua anachotaka, hakuna anayeandika." Kisha akanigeukia: "Ninyi bandarini mnaandika, sivyo?" Sikumjibu. Hata Che mwenyewe, katika maelezo aliyoyaacha, alilalamikia fujo ya silaha na vyakula pale Kibamba. Sidai kwamba masanduku yangu arobaini ndiyo yaliyoharibu vita. Lakini nilijifunza jinsi jambo kubwa linavyooza kuanzia chini. Wakubwa walikuwa wamekubaliana mjini kuhusu ukombozi, na katika mlolongo mzima wa watu kutoka meli hadi mlimani, kila mmoja aliombwa afumbe macho kidogo kwa ajili ya Afrika. Mwisho hakuna aliyejua kilichopo.

Tarehe 29 Juni wapiganaji na Wacuba walishambulia kambi ya jeshi mahali paitwapo Bendera, ng'ambo, penye mitambo ya umeme. Walishindwa. Wacuba wanne walikufa hapo, na daftari la mmoja wao likaangukia mikononi mwa adui, siri ikawa imetoka. Ndipo ziwa nalo likabadilika. Ndege zilipita upande wa pili. Boti za doria za mwendo kasi zikaanza kuwinda usiku kutoka Albertville, yaani Kalemie ya leo, na hapa pana jambo ambalo nilipolisoma baadaye nililiweka kitabu chini nikatoka nje: waliokuwa ndani ya baadhi ya boti zile, na marubani wa baadhi ya ndege zile, walikuwa Wacuba pia, waliomkimbia Castro, wakiajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani. Wacuba kwa Wacuba, wakiwindana kwenye ziwa letu, na wavuvi wetu wa dagaa katikati yao wamewasha karabai. Mjomba alizima yake kwa muda wa miezi mitatu. Watoto wake walikula ugali na mboga za majani.

Mjini Kigoma maisha yalikuwa na sura nyingine, na hili linaniuma kulisema. Viongozi wa wapiganaji walikuwa wakivuka kuja kwetu kupumzika, na mapumziko yakarefuka. Fedha ilikuwepo, vilabu vilijaa. Laurent Kabila, aliyehesabiwa kuwa kiongozi wa medani ile, alionekana zaidi Dar es Salaam na Kigoma kuliko ng'ambo. Che aliandika juu ya hilo kwa uchungu. Nasi makarani tulikuwa tukiliona kwa macho kila Jumamosi. Kuli mmoja mzee, aliyemzika mwanawe Stanleyville, aliwatazama wakipita na suti, akatema mate, akarudi kubeba masanduku yao.

Oktoba mambo yaligeuka haraka. Tarehe 13 Rais Kasavubu alimfukuza kazi Tshombe, mtu ambaye Afrika nzima ilimchukia. Wiki iliyofuata wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Accra, Kasavubu akaenda, akasema mamluki wataondoka. Mkutano ukapitisha tamko kwamba nchi za Afrika zisivumilie uchochezi wa nchi moja dhidi ya nyingine. Mwanzoni mwa Novemba serikali yetu ikamwambia balozi wa Cuba, Pablo Rivalta, kwamba kutokana na yaliyoamuliwa Accra msaada wa namna ile usimame. Alfajiri ya tarehe 21 Novemba Wacuba walivuka kurudi Kigoma. Siku tatu baadaye, tarehe 24, mwaka mmoja kamili tangu miavuli ya Stanleyville, Mobutu, mkuu wa jeshi la Kongo, akapindua akaichukua nchi kwa miaka zaidi ya 30.

Nilikasirika. Tulikuwa vijana watatu pale ofisini na wote tulikasirika. Tulisema serikali imeuza damu ya Lumumba kwa karatasi za Accra. Karani mkuu alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Tulipoufungua mlango, tuliwaambia watu sababu gani?" Tukasema: kwa kuwa Tshombe amewaleta Wazungu. "Na sasa Tshombe yuko wapi?" Tukanyamaza. Akaendelea, na hapo hakuwa akitusuta, alikuwa na huzuni kuliko sisi: "Ukimwambia jirani unaingia kwake kwa sababu ya moto, moto ukizimika huwezi kubaki sebuleni ukisema rangi ya ukuta haikupendezi."

Sikukubaliana naye siku ile. Nilikuja kukubaliana naye kwa sehemu, polepole, kwa kuangalia tarehe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Kizungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao kutoka kwa Uingereza. Mwalimu alihitaji Afrika izungumze kwa sauti moja, na tarehe 15 Desemba aliuvunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu Rhodesia, akapoteza fedha nyingi za maendeleo, huku nchi nyingi zilizopiga makofi zikikaa kimya. Mtu anayejiandaa kuwadai wenzake watimize neno la pamoja hawezi mwezi uleule kulivunja neno la pamoja kwenye Ziwa Tanganyika. Hakuna aliyenieleza hivyo. Ndivyo ninavyoamini.

Jambo la pili nililijua miaka mingi baadaye: serikali yetu ilikubali wakufunzi wa Kicuba wapite, lakini mwanzoni haikuambiwa kwamba Che mwenyewe yumo. Alitaka awe ndani kwanza, ndipo iambiwe. Nampa heshima yake, maana aliacha cheo na watoto akaenda kulala kwenye matope kwa ajili ya watu wasiomjua. Ila hapo alitukosea. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kama hajui nani amelala kwake. Siku Wamarekani wangempata Kibamba, ni Mwalimu ambaye angeulizwa, na bandari ambayo ingelipuliwa ni hii niliyokuwa nimesimama. Wakubwa wa Magharibi walitutisha, hilo tulilizoea. Rafiki anapokuchukulia uamuzi wako kwa nia njema, hujui umkasirikie vipi.

Na jambo la tatu ndilo lililobaki nyumbani kwetu mpaka leo. Walipoondoka wapiganaji wa kigeni, watu wa ng'ambo hawakuwa na pa kwenda. Mjomba alivuka wiki ile kwenda kumtafuta mama mdogo. Nilimsubiri Kibirizi usiku wa pili nikiwa na taa ya chemli. Boti ilipogusa mchanga nilihesabu watu saba. Mama mdogo hakuwamo. Aliyeshikwa mkono wa kwanza alikuwa binti yake, wa miaka tisa, amevaa gauni la mtu mzima. Kaka yake mdogo alikuwa amebaki na upande wa baba yake. Watu saba wale hawakuandikwa popote. Hakukuwa na afisa, hakukuwa na daftari. Binti yule alikulia kwetu, akaolewa Mwanga, naye ndiye dada yangu. Kiswahili chake kilichekwa shuleni mwaka wa kwanza, kwa "mutu" na "mukubwa", mwaka wa tatu alikuwa wa kwanza darasani.

Nilidhani hadithi ya ng'ambo imekwisha hapo. Mwaka 1967 Kabila alianzisha chama chake, akajichimbia milimani Fizi. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wapatao 40 wenye silaha walivuka kwa boti, wakashuka Gombe, kilomita kama 20 kaskazini mwa mji wetu, penye kituo cha utafiti wa sokwe cha Jane Goodall, wakachukua wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Walikuwa wa chama chake. Walitaka fedha, silaha, na wenzao waliofungwa Tanzania waachiwe. Serikali yetu ikakataa kuachia wafungwa wala kutoa silaha. Serikali ya Marekani nayo ilikuwa na msimamo wa kutozungumza na wateka nyara, na balozi wake Dar es Salaam, Beverly Carter, aliyewasaidia wazazi kutafuta njia ya mazungumzo, alighadhibiwa na Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kwa sababu hiyo. Wanafunzi waliachiwa kwa awamu, wa mwisho baada ya zaidi ya miezi miwili, wote wakiwa hai.

Mimi niliitwa pamoja na makarani wengine kueleza aina za boti na muda wa kuvuka. Nikiwa kwenye benchi nikisubiri zamu, nilikuwa nafikiria masanduku arobaini. Miaka kumi. Sikujua bunduki zile ziliishia wapi, wala nani alikuwa nazo Gombe usiku ule. Hilo ndilo hasa lililonisumbua: sikujua kwa sababu sikuhesabu. Tangu siku ile, nilipopewa vijana wa kufundisha kazi, niliwafundisha kwamba atakayewaambia "andika tu" mumwombe aandike yeye.

Kuna watu waliosema Tanzania ingekata mguu wa Kabila baada ya Gombe. Haikufanya hivyo, na watu wake waliendelea kupita hapa, wengine wakiishi na familia zao Dar es Salaam. Wakati ule niliona ni udhaifu. Kisha Oktoba 1996 vita vikalipuka Kivu, na tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Kabila yakaingia Kinshasa, Mobutu akiwa amekimbia. Yule mtu wa vilabuni Kigoma akawa Rais wa nchi jirani iliyo kubwa kuliko zote tulizopakana nazo. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, wakubwa waliomweka Mobutu hawakumhitaji tena, na aliyebaki kuongea na Kinshasa kuhusu ziwa, wakimbizi na reli ni jirani yuleyule. Nchi iliyowahi kumfungulia mlango, ikamfungia, ikamkatalia, bila kumtukana, ilikuwa na pa kuanzia mazungumzo.

Na wakimbizi walikuwepo wa kuzungumziwa. Kati ya 1996 na 1997 waliovuka kuja kwetu walikuwa wengi mno, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Mobutu alipoanguka, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likakodi meli ya Liemba kuwarudisha. Meli ile Wajerumani waliileta vipande vipande kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kutembea tena ziwani. Mwaka 1997 ilivusha wakimbizi zaidi ya 75,000.

Nilikuwa na miaka 51, karani mwandamizi, sikupaswa tena kusimama juani. Niliomba nisimame. Nilikaa chini ya ngazi ya Liemba na ubao wangu, nikichora mstari kwa kila mtu, hata mtoto wa mgongoni, hasa mtoto wa mgongoni. Shirika lilikuwa na orodha zake zilizopigwa chapa. Mimi nilichora za kwangu. Katika safari mojawapo alikuwamo kaka yake dada yangu, yule aliyebaki mwaka 1965. Alikuwa mtu mzima, mke, watoto, mkeka, sufuria mbili na jogoo. Dada alikuja kumsindikiza na chungu cha mgebuka uliokaushwa. Hatukuwa na maneno. Nilimwomba asimame kidogo mpaka nimchore, kisha mkewe, kisha watoto mmoja mmoja. Wanane. Akanitazama ubaoni akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Kaka, uko unaandika vizuri." Akapanda.

Agosti 1998 vita vingine vikaanza Kongo. Boti zikarudi Kibirizi, zikija usiku kama zamani. Sikuwa zamu, lakini nilishuka kila jioni na daftari la shule na tochi. Usiku wa nne nilimwona akiruka majini kuivuta boti ufukweni. Mkewe alikuwamo, watoto walikuwamo, na kichanga kwenye kanga. Aliniona, akaja moja kwa moja, maji yakimchuruzika, wala hakunisalimu.

"Andika tena, kaka," akasema. "Tuko tisa."